Mistari ya Jivu Ukutani kwa Bibi

Nasema ukweli: nilimwonea wivu mwanafunzi mwenzangu mpaka chakula kikanishinda. Tulikuwa mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam, tukisomea kubuni majengo. Kazi tuliyopewa ilikuwa ghala la pamba lenye ofisi, lijengwe Bariadi, kwetu. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, na watu waliokuwa wakiitwa walanguzi sasa waliitwa wafanyabiashara, tena kwa heshima. Mmoja wao alikuwa ameruhusiwa kununua pamba, akaahidi kujenga mchoro utakaoshinda. Nilitaka uwe wangu. Mji wangu, jengo langu, basi.

Sharti la mwalimu lilikuwa moja: kila mmoja atafute jengo au kazi ya sanaa ya kujifunzia, aipime, aichore, ndipo abuni lake. Mimi nikakimbilia maktaba, nikanakili nguzo za Ulaya, nene, ndefu, za kutisha. Mwenzangu, mzaliwa wa Tanga, akasema, "Si unipeleke kwenu nikaone watu wanavyojenga?" Nikampeleka shingo upande.

Bibi yangu alikuwa na msonge kijijini Zagayu, nyumba ya udongo ya duara, ndama wanalala kati ya ukuta wa nje na wa ndani. Nilikuwa naionea aibu. "Mwangaluka," mwenzangu akamwamkia, Kisukuma nilichomfundisha kwenye basi, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Siku tatu jamaa yuko na futi kamba mkononi, anapima, anauliza kwa nini mlango ni mfupi, kwa nini ndama walale ndani. Bibi anamjibu huku anammenyea karanga. Mimi naambiwa nikachote maji! Siku ya kuondoka akamfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Mimi, mjukuu wake wa damu, nikaambiwa safari njema.

Kando ya mlango bibi alikuwa amechora kwa jivu safu ya mistari mifupi iliyosimama, na juu ya karibu kila mstari nukta moja. Mwenzangu akainakili yote. Nikamwambia, "Achana nayo, mambo ya kizee hayo."

Siku ya kutundika michoro, mwalimu alizipita nguzo zangu kama mtu anayewahi basi. Kwa mwenzangu akaganda. Ghala lilikuwa na njia ya kulizunguka, kuta mbili, joto linabaki nje kama kwenye msonge. Na ukuta wa mbele ulitobolewa matundu ya hewa: tundu refu, juu yake tundu dogo la mviringo, safu nzima. Mistari ya bibi ile.

Roho ya kwa nini ikanipanda. "Mwalimu, huyu amezembea," nikasema. "Matundu matatu karibu na mwisho hayana tundu dogo la juu."

"Ndivyo bibi alivyochora," mwenzangu akajibu. "Nilimuuliza, akasema mwenye mistari anaijua."

Mwalimu akanigeukia. "Wewe ndiye wa pale. Ni ya nini?"

"Mapambo tu," nikasema.

Mwenzangu akashinda. Sikumpa mkono.

Likizo kubwa iliyofuata nilirudi nyumbani peke yangu. Neno la kwanza la bibi: "Yule mwenzako yuko wapi?" Loo! Alikuwa amesikia kwamba jengo limekwisha, akataka alione, nami nikampeleka mjini huku nimenuna. Alisimama mbele ya ukuta ule, akapitisha kidole tundu kwa tundu.

"Kumbe wamejenga likizo zako," akasema.

Nikamwambia sielewi. Akanieleza kama anamweleza mtoto: watoto wa majirani wakianza kurudi likizo kutoka shule za bweni, yeye anachora mstari wangu. Nikifika, anaweka nukta. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye yale matatu. Nilizijua likizo hizo. Nilibaki Dar, nikamwandikia kwamba masomo yamenibana. Masomo gani! Sikutaka kulala na ndama.

Jioni, tulipofika nyumbani, nilichovya kidole kwenye jivu la jikoni nikaenda ukutani kuzijaza nukta. Bibi akanishika mkono.

"Acha, ng'wanone," akasema. "Hizo hukuja."