Mashine ya Kahawa ni Yetu, Lakini Mpwa Wangu Hanitaki Karibu Nayo

Mhariri, jina langu lifiche vizuri, maana huku Mbinga hata mbuzi wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke, watoto sita na shamba la kahawa. Shule niliishia darasa la tano, si kwa ujinga, ni mwalimu aliyeona nimeshamaliza anayoyajua.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kahawa iliyomenywa vizuri inagombaniwa. Mimi nililiona hilo kabla ya wilaya nzima. Nikamwita shemeji yangu, mume wa dada yangu kule Liuli, akauza boti yake, tukanunua mashine ya kumenya na pikapu kuukuu. Kampuni ikawa yetu wawili. Watu wakawa wanashuka na ndoo za kahawa mbivu mpaka uani kwangu, mimi nazungusha mpini. Naweza kuuzungusha kutwa nzima kwa mkono mmoja, huku wa pili nanyolea ndevu.

Msimu huu mtu mmoja mjini kaleta mashine ya injini, wateja wakapungua. Shemeji akasema tuanzishe huduma mpya, mashine iwafuate watu mlimani kwa pikapu. Nikakubali, wazo lenyewe nilikuwa nalo moyoni siku nyingi. Kumbe akamleta na binti yake, nitamwita Debora, kamaliza kidato cha nne, eti atuandikie mpango: tumhudumie nani, siku gani, atulipe vipi. Hapo roho yangu ikaanza kukosa raha.

Huyu mtoto ana daftari. Nikikohoa, analifunga. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, watu wakija hapa wanakaa muda gani?" Nikamwambia wanakaa wanavyopenda, kwangu hafukuzwi mtu. Akaandika. Baba yake akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mtu anacheka nini na ukuta?

Nikaamua kumfuatilia. Jumanne akapanda mlima wa pili kwa mama mmoja, mteja wetu wa zamani. Nikapita kwa chini, nikajilaza kwenye ngoro, haya mashimo tunayochimba shambani kuzuia maji, katikati ya maharage, hatua chache kutoka pale wanawake walipokuwa wanachambua kahawa. Mimi niliyemvizia chui wa pori la Liparamba siku tatu bila kupepesa jicho, kumvizia mtoto ni kazi gani?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari ya mashine?"

"Ndiyo. Ikija huku, nizungumze na baba?"

"Baba anabeba ndoo? Anayeshuka nayo kichwani ni mimi. Mtuwekee siku yetu ya wiki, tuchume siku hiyo, mmenye, mchukue sehemu yenu kwenye kahawa hiyohiyo. Hela hatuna mpaka tuuze." Akatupa punje mbovu pembeni. "Na mjomba wako atakuja?"

"Mnataka asije?"

"Tunampenda. Ila akifika kwenye hadithi yake ya chui anaachia mpini, maana chui wake anataka mikono miwili. Mwaka juzi alikuwa chui mmoja. Sasa wako watatu, na mmoja ana mimba. Kahawa inatakiwa imenywe siku ileile iliyochumwa, mimi nilirudi na ndoo zangu zimejaa, asubuhi zinanuka pombe. Mnunuzi akanikatalia."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Aje tu, ila aje jana yake."

Nilibaki shimoni mpaka wakaondoka. Mguu ulikufa ganzi, na si mguu peke yake.

Jumapili baada ya misa Debora akaweka karatasi mezani. Kila mlima na siku yake. Malipo kwa kahawa. Mpini, baba yake. Halafu mimi: "Mjomba atatangulia siku moja kabla ya mashine, akusanye watu, awaambie kesho wachume."

"Ndiyo kazi kubwa, mjomba," akasema. "Nani mwingine anaweza kukusanya mlima mzima? Na chui utamsimulia mpaka mwisho."

Shemeji naye, "Shemeji, yule wa mjini ana injini. Hana chui."

Maneno matamu hayo, ndiyo maana siyaamini. Baba anazungusha, binti anaandika, mimi kila siku niko mlima mmoja mbele. Mashine yangu ikifanya kazi sitaiona tena. Nani atajua kama bado ni yangu? Na kwa nini waliwauliza wanawake wote wa mlimani, mimi wakaniuliza muda tu? Mke wangu anasema nisaini, lakini naye nimemkuta akinong'ona na Debora jikoni.

Wasomaji, nisiwafiche. Yule mama ambaye kahawa yake ilikataliwa, siku ile aliniambia jua linazama. Mimi ndiye niliyemwambia akae kidogo, chui bado hajaruka.

Bila sahihi yangu hawaanzi, na mwenye injini anasema wiki ijayo anapanda milimani. Karatasi iko mfukoni mwangu hapa. Nishaurini, nifanye nini? Nimepewa cheo, au nimetolewa kwangu kwa adabu?