Neno "Naumwaga" Lilivyonitoka Kwenye Usaili Bunda

Admin, ficha jina langu na la ofisi yangu. Musoma tunajuana, na bosi wangu anausoma ukurasa huu akiwa kazini.

Mimi ni binti wa miaka 26, karani katika kampuni binafsi hapa mjini. Nina diploma, na nina selimundu tangu kuzaliwa. Najua baadhi yenu mmeshaanza kunizika. Nikimeza dawa zangu na kuhudhuria kliniki naishi kama ninyi. Dawa zikikatika, maumivu yananiingia mifupani, nalazwa na kuongezewa damu. Vyote hivyo vinalipwa na kadi ya bima ya kazini. Mama yangu yuko Butiama analima mihogo, hawezi kunitibia.

Bosi wangu, tunamwita Madam, analijua hilo na ndiyo fimbo yake. Siku moja aliniita "Bima" kwa utani, likawa jina. "Bima, futa meza." "Bima, mbona unakokota miguu, damu imeisha?" Wateja wanacheka. Nikirudi kutoka kliniki anatangaza, "Lazaro amefufuka!" Nilipomwomba aache, alijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mlango ule pale. Ila kadi iache mezani, tuone utafika wapi."

Nikaanza kutafuta kazi kimya kimya. Kwenye duka moja la jumla niliuliza kuhusu bima kabla ya mshahara. Mwenye duka akaniangalia juu hadi chini: "Dada, unatafuta kazi au unatafuta wodi?" Nikaondoka na bahasha yangu ya vyeti.

Mwishowe shirika moja dogo Bunda, pale Kabasa, likaniita kwenye usaili. Bima wanatoa. Nilimdanganya Madam kwamba nina msiba. Kabla ya kwenda nilimpigia mama nimuulize kama niseme ukweli au nifiche. Akasema, "Mwanangu, hayo hayasemwagi. Ng'ombe akifika mnadani, mwenye ng'ombe hamsemei kikohozi."

Basi nikapanga: wakiuliza habari za afya, nitasema "nina afya njema" na kunyamaza. Nikalirudia jibu hilo mbele ya kioo mpaka likakaa mdomoni.

Waliuliza kweli. Mzee mmoja mpole, ndiye aliyekuwa anaongoza usaili: "Na afya yako ikoje, binti?"

"Nina afya njema, mzee. Naumwaga mara moja moja tu."

Sijui lilitokea wapi. Mimi ndiye ninayesahihisha Kiswahili cha barua za ofisi nzima, lakini nikiogopa ulimi unarudi nyumbani. Dada wa utumishi, aliyekaa pembeni ya mzee, akacheka kwa sauti: "Naumwaga! Sisi watu wa Mara hiyo 'ga' itatuumbua. Mtu akisema 'niliumwa', yameisha. Akisema 'naumwaga', huo ugonjwa mmezoeana. Unaumwaga nini, dada?"

Nikasema, "Malaria."

Wakanipa kazi. Ila kabla ya mkataba lazima nikapimwe afya, na kadi yao inatoka baada ya miezi mitatu ya majaribio. Dawa nilizonazo hazifiki huko. Na bila kuniambia, yule dada akampigia Madam kuulizia mwenendo wangu.

Jana Madam akaniita mbele ya wafanyakazi wote. "Pole na msiba, Bima. Marehemu anakulipa shilingi ngapi?" Ofisi nzima ikacheka, hata yule ninayegawana naye chapati asubuhi. Kisha akashusha sauti, nikaogopa zaidi: "Wameniuliza kama una tatizo lolote. Nimesema nitawajibu Ijumaa. Ukipiga magoti hapa, mbele ya wenzako, uniombe msamaha, nitakusifia kwao kisha utawakataa mwenyewe, ubaki hapa na kadi yako. Hutaki, nawaambia kila kitu na wewe unaandika barua ya kuacha kazi."

Ninyi wa "jiajiri", piteni kimya. Sijasikia kibanda cha mitumba kinachoongezea mtu damu. Ninyi wa "mwachie Mungu", nimemwachia, ila dirishani kwenye dawa wanauliza kadi. Na wale mtakaoandika "Madam ana haki, ulidanganya", ombeni msije mkaumwa huku mkiajiriwa na mtu kama yeye.

Ninaowauliza ni waliowahi kuishi kwa kadi ya mtu anayewachukia. Nikipiga magoti, kadi inabaki, na nitaitwa Bima mpaka nife. Njia nyingine ni kumwahi Madam: nimpigie yule dada wa Bunda kabla ya Ijumaa, nimwambie mwenyewe kwamba si malaria. Anaweza kunielewa. Anaweza pia kufuta kazi, nikakosa huku na huku.

Namba yake ipo mbele yangu. Nimeibonyeza nikakata, nikabonyeza nikakata. Sasa hivi ameona namba yangu na ananipigia yeye. Sijapokea. Niambieni, nikipokea, naumwaga nini?