Mwandishi Asiyeleta Turubai

Harufu ya ndagala wanaokauka juani haina adabu. Haibishi hodi wala haisubiri kukaribishwa. Juzi nilikuwa nimejifungia chumbani kwangu Bukavu, kalamu mkononi, karatasi nyeupe mezani, kichwa kitupu, na jirani wa chini akaanika ndagala wake, visamaki vya ziwani, uani juu ya gunia. Harufu ikapanda ngazi, ikaingia. Mara nikajikuta niko Baraka, kwenye mchanga wa ufukweni, nina miaka kumi, na nimekasirika.

Nasema nilikasirika, na naomba mniamini, maana watu wakisimulia utoto wao hupenda kuupaka asali. Wangu ulikuwa na utamu wake, lakini kinachonijia kwanza ni ghadhabu. Vijana wakiniuliza siku hizi msukumo wa kuandika niliupata wapi, wanataka niwatajie ziwa, au milima ya Bibokoboko inavyovaa ukungu asubuhi. Mimi nilianza kwa kufuatwafuatwa na akina mama waliotaka turubai.

Mwaka ule mimi na mama tulikuwa tumerudi kutoka kambini Tanzania. Nilizaliwa kule, nikasoma kule. Mwalimu wetu wa kambini alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, akitusomea kila Ijumaa, na siku moja nikamuuliza vitabu hutoka wapi. Akanijibu kwamba kuna mtu anaitwa mwandishi, huchukua kalamu akaenda kwa watu, akawasikiliza, kisha akaandika. Jibu lile lilinitosha. Niliona hiyo ndiyo kazi yangu, na tulipopanda boti kurudi kwetu, ndani ya mfuko wangu wa nguo mlikuwa na hadithi zangu tatu zenye wafalme na sungura.

Kwetu, basi. Siku ya kwanza shuleni nilitaja "dagaa" na darasa zima likaangua kicheko. Dagaa? Hapa ni ndagala. Nikiomba kupita kwa Kiswahili changu cha kambini, wenzangu walinipisha huku wakiinama kama wanapisha bibi harusi: "Pita, Mutanzania." Mimi, Mbembe kwa baba na kwa mama, nimerudi kwenye udongo wa babu zangu, nikaonekana mgeni kwa sababu ya namna ninavyofungua mdomo. Nilikuwa na hadithi na sikuwa na wa kumsomea. Mama alijitahidi, maskini, lakini alikuwa akirudi amechoka, na kila mara alisinzia kabla mfalme hajaoa. Nilichotaka ni mtu mmoja tu, mmoja, wa kunisikiliza mpaka mwisho.

Ndipo nikakumbuka maneno ya mwalimu. Kama watu hawanijii, niende mimi kwao na kalamu.

Mama alikuwa akianika ndagala na wanawake wenzake pale mitumbwi kutoka Ubwari inapotia nanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa hupumzika, maana ndagala hufuata taa za wavuvi na mbalamwezi huziharibia taa kazi yake. Giza likirudi, basi kila asubuhi mchanga ulifunikwa na samaki wadogo wanaong'aa, na sisi watoto tulitumwa kufukuza kunguru na mabata. Bingwa wa pale alikuwa Mama Riziki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mtumbwi ulioko mbali. Kando kidogo, akigeuza ndagala za watu kwa ujira, alikaa Mama Consolata, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye alisema kidogo na kufagia sana.

Nikasimama mbele yao na kalamu yangu na kipande cha katoni ya sabuni. Nikajikohoza. Nikasema kwa Kiswahili changu kilichopigwa pasi: "Shikamooni akina mama. Mimi ni mwandishi. Naomba mniambie habari zenu niziandike."

Mama Riziki akatupa fagio chini.

"Andika mi wa kwanza. Mama Riziki. Batoto iko tisa."

Alikuwa na watoto watano, nilicheza nao kila siku. Lakini sikupata nafasi ya kubisha, kwa sababu wanawake wote walikuwa wameshaacha ndagala kwa kunguru na kupanga mstari, tena mstari ulionyooka, wa watu waliozoea mistari. Huyu anasukuma, yule anasema nilifika mbele yako, mwingine anatuma mtoto akamwite dada yake nyumbani asije akakosa. Mama yangu siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni, la sivyo angenivuta sikio mapema.

Nilijaribu kueleza. "Hapana, mama, nataka hadithi."

"Ndiyo hiyo nakuambia," akasema Mama Riziki. "Nyumba yangu balichoma. Mi nilikuwa napika maharagi. Watu banalia kimbia, kimbia, mi nikabeba sufuria ku kichwa, na moto yake. Maharagi nilipika Baraka, ikaivia Kigoma. Mu mtumbwi balitaka niitupe, nikakatala. Andika hiyo, bajue mi iko na shida ya kweli."

Wengine walicheka, na mmoja akasema yeye alikuwamo kwenye mtumbwi ule, akayala yale maharagi yakiwa magumu kama kokoto, na jino lake moja bado linamlaumu Mama Riziki. Nami nilifanya nini? Nilisimama pale nimenuna, nikisubiri wamalize. Nilimwambia Mama Riziki, kwa heshima, kwamba hiyo si hadithi, hadithi ina hapo zamani za kale, ina mfalme. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto mwenye homa. "Mufalme iko na bashi yake," akasema. "Andika jina."

Bashi ni turubai, lile la plastiki la kuezekea nyumba iliyoungua. Nikaandika jina. Nikaandika majina yote, kila mmoja akinieleza kwa nini yeye anastahili kuliko mwenzake, na mimi nikimkatiza kila mmoja kwa uchungu, mpaka katoni ikajaa majina na idadi ya watoto, wa kweli na wa kukopa.

Mama Consolata hakupanga mstari. Nilipomfikia alitikisa kichwa. "Mi balisha niandika sana," akasema. "Nimechoka kuandikwa." Akafagia kidogo, kisha akasimama. "Andika mutoto wangu. Jean-Marie. Alienda Misisi kuchimba zahabu, hajarudi. Kama mutu atasoma, amuambie mama yake iko hapa Baraka, ku ndagala."

Nikaandika Jean-Marie, Misisi. Sikuelewa kwa nini alinishukuru.

Nilirudi nyumbani na hasira kifuani. Katoni nzima, na hakuna hata sungura mmoja. Lakini kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma, maana kesho yake nikipita sokoni sauti ikaniita: "Muandishi, majina yetu ilifika ku bureau?" Bureau ni ofisi ya misaada. Kesho kutwa, kisimani: "Muandishi, bashi iko fasi gani?" Wiki ile sikuweza kutembea. Jina la Mutanzania likafa, likazaliwa la Muandishi, na sikujua lipi lilinichoma zaidi. Mwisho mvua ya usiku ikanyesha, na asubuhi Mama Riziki akaja hadi mlangoni petu, maji yakimtiririka, kumuuliza mama kama binti yake amekula turubai za watu.

Mama alinikalisha kitako. "Ulibaambia nini?"

"Niliwaambia mimi ni mwandishi."

Akafunga macho. Ndipo aliponieleza lile ambalo kila mtu Baraka alilijua isipokuwa mimi. Tangu vita, wenye kalamu walikuja wakiwa wamevaa vizibao vya rangi, wakaandika majina, wakaondoka, na baada ya muda vitu vikafika, au havikufika. Aliyeandikwa alipata. Aliyekuwa shambani siku ile, akakosa kuandikwa, alilala na mvua. "Hapa kwetu, mwanangu, muntu akikuandika, amekuahidi kitu."

Nikalia kwa kuonewa. Ni neno langu, nalijua maana yake, nimelitoa kwa mwalimu, na mji mzima umelishika kichwachini. Mama hakubembeleza. Alinipa katoni yangu na kunielekeza ufukweni. "Enda ubasomee. Bajionee hakuna kitu."

Nilikwenda nikiburuta miguu. Nikasimama palepale, bila kujikohoza safari hii, nikasema kwamba sina bureau, sina turubai, nimeandika kwa ajili ya kuandika tu, na haya hapa niliyoandika. Nikasoma. Mama Riziki, watoto tisa. Mama fulani, watoto sita. Nilitarajia matusi, pengine fagio.

Mama Riziki alisikiliza mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, na nilisikia kwamba ameudhika kweli, "Na sufuria?"

"Sufuria gani?"

"Mi nilikuambia mambo ya sufuria. Maharagi. Kigoma. Iko wapi? Umeandika jina tu. Jina tu ni ya bureau. Kama hauna bureau, sasa jina tu ni ya kazi gani?"

Na wengine wakadakia. Yule wa jino akauliza jino lake liko wapi. Mwingine alisema alinieleza juu ya mama mkwe aliyebebwa mgongoni akitukana njia nzima, na mimi nimemwandika "watoto sita" kama vile mama mkwe hakuwahi kuzaliwa. Wakaniketisha kwenye gunia. Wakaniambia geuza katoni, andika upande wa pili.

Msidhani nilifurahi. Nilikereka mpaka nikang'ata kalamu. Kila sentensi niliyoandika walitaka niwasomee, na kila niliyosoma waliipinga. Hapana, mvua ilinyesha kabla ya boti. Hapana, hakusema hivyo, alisema vibaya zaidi. Nikiandika kwa Kiswahili cha kambini walinicheka, nikiandika kama wanavyosema wao walinigombeza kwamba nawaaibisha. Mchana baada ya mchana, kila ndagala zilipoanikwa, niliitwa: "Muandishi, kuya, kuna kitu ulisahau." Nilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko nilivyoomba, na hakuna hata mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Wafalme wangu watatu walibaki mfukoni hadi panya walipowaoa wao.

Leo niko kwenye kikundi cha waandishi hapa Bukavu. Tunakutana Jumamosi, tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunasomeana. Ni watu wema. Mtu akimaliza tunapiga makofi, tunasema ni nzuri, inagusa, endelea hivyo. Narudi nyumbani nikiwa nimesifiwa na sina hata sentensi moja mpya, na njia nzima nasema peke yangu. Hakuna aliyeudhika. Hakuna aliyeniuliza sufuria iko wapi. Kwa miaka niliwalilia rohoni watu kama hawa, watulivu, wenye kusikiliza hadi nukta ya mwisho, na sasa nimewapata, natamani mtu anirushie fagio.

Ndiyo maana kijitabu changu cha kwanza kilipochapishwa nilikipeleka Baraka kwanza, kwa ile barabara inayokutoa meno. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama. Mama Riziki yupo, miguu haimtii tena, sauti bado inaita mitumbwi. Niliwasomea pale mchangani, nikianza na sentensi ya kwanza ya kitabu, ambayo si yangu: maharage niliyapika Baraka, yakaivia Kigoma. Akanikatiza mara ngapi sikumbuki. Nilipomaliza, akafuta macho kwa kitenge, akasema, "Sasa angalau umesikia. Na ile bashi itafika siku gani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nilikuwa nafunga mfuko wangu Mama Consolata aliponisogelea. Amezeeka, mgongo umejikunja kwa kuinamia ndagala za watu. Alikuwa amengoja wote waondoke.

"Uliweka jina ya Jean-Marie?"

Nilimfungulia ukurasa, nikamwekea kidole chake juu ya jina. Akalipapasa herufi kwa herufi, ingawa hakujua kusoma.

"Iyi kitabu inafikaka Misisi?"

Kinafika wapi, jamani. Nakala zote zilikuwa ndani ya mfuko wangu, na zilizobaki Bukavu zimelala kwenye boksi chini ya kitanda. Nilitaka kumweleza kwamba mwandishi na mtu wa bureau ni watu wawili tofauti, kama nilivyojaribu kueleza nikiwa na miaka kumi. Nikamtazama kidole kilivyong'ang'ania jina lile. Miaka yote ile niliamini kwamba wao ndio walioshika neno langu kichwachini.

"Inafika, mama," nikamwambia. Kisha nikaenda barabarani kutafuta pikipiki ya Misisi.