Acha Niliombee

Jumamosi iliyotangulia vita tulikuwa nje ya nyumba yangu mtaani Jericho tukicheza drafti kwa vifuniko vya soda, mimi na Fundi Daudi. Mimi nilikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa. Yeye alishona viatu vya ngozi sokoni Kariokor, na nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Nilikuwa nimekawia kusogeza kete.

“Mzee, cheza basi,” alisema. “Ama hii pia unaenda kuiombea?”

Mke wangu, Mama Nafula, alicheka huko jikoni mpaka nikaona haya.

Walikuwa na haki ya kunicheka. Mtaani nilijulikana kwa neno hilo. Shemeji akiniomba bintiye aje akae kwetu amalize shule, nilisema, “Acha niliombee.” Jirani akitaka kuazima baiskeli, nilisema hivyo hivyo, kisha nikanyamaza mpaka mwenye shida akate tamaa mwenyewe. Nilikuwa mtu wa kuogopa kusema hapana, basi nikamsingizia Mungu. Na pale nilipoomba kweli, nilikuwa nimeshaamua zamani. “Wewe humwulizi Mungu,” Mama Nafula aliniambia siku moja. “Wewe unamwarifu.”

Makabila sitayataja. Waliopigana wanajijua. Miaka ile ya tisini mapigano tulikuwa tukiyasikia redioni, yakiwa ya mashambani, mbali na sisi, kisha chuki yake ikatufikia mjini. Wapo wanaosema zilikuwa fujo tu. Mimi niliona mshale umekwama kwenye mlango wa kioski tulikonunua maziwa, na nyumba tatu za jirani zikichomwa mchana kweupe. Kwa hiyo mimi naviita vita.

Siku ya kwanza Fundi alimpeleka mkewe Rosa na watoto kwa dada yake, upande mwingine wa jiji, halafu akarudi nyumbani kulinda cherehani yake. Nilimwambia huo ni ujinga. Akasema bila cherehani yeye hana mkono. Siku ya pili tukasikia kwamba atakayemficha mtu wa kabila la Fundi atachomwa pamoja naye.

Siku ya tatu, saa nane mchana, alibisha mlango wa nyuma.

“Mzee, wako safu ya kwanza ya nyumba,” alisema. Hakuwa na viatu. “Nifiche mpaka giza liingie.”

Nilimwingiza jikoni, nikampa kiti. Watoto wangu wanne walikuwa wamelala kifudifudi sebuleni. Niliwatazama, nikamtazama yeye.

“Kaa hapo, Fundi. Acha niliombee.”

Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikapiga magoti.

Safari hii jibu sikuwa nalo. Nilimwambia Mungu kwamba naogopa. Nikimtoa huyu nitaishije, na nikimweka, wakija je? Kisha nikaishiwa na maneno, nikangoja.

Sikusikia sauti yoyote. Hofu haikuniondoka hata kidogo. Lakini lile wazo la kumtoa lilikuwa limekufa ndani yangu, na nikaona kwamba masanduku mawili yakitolewa chini ya kitanda, mtu mzima ataenea.

Nikatoa masanduku. Nikarudi jikoni.

Kiti kilikuwa kitupu.

“Ameenda,” Mama Nafula alisema. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi. “Nimegeuka kumchotea maji, namwona yuko mlangoni. Amesema nikwambie amekuelewa.”

“Ameelewa nini?”

Alinitazama bila hasira, na afadhali angekasirika. “Baba Nafula, hapa mtaani nani hajui maana ya kuliombea kwako?”

Nilikimbia mpaka mwisho wa safu, nikaita jina lake mara moja. Mara ya pili niliogopa.

Alikutwa kesho yake amekufa, kando ya njia ya kwenda Makadara. Siku ya tano askari walijaa mtaani, vita vikaisha, na wanawake wakaanza kufagia vioo.

Baada ya mazishi Rosa alikuja kuchukua cherehani. Ilikuwa nzima, hakuna aliyeigusa. Alisimama mlangoni kwangu akauliza, “Mzee, Daudi alipita hapa siku ile?”

Ningeweza kusema hapana. Nilimweleza yote, hata habari ya masanduku.

“Kwa hiyo ulikuwa umekubali.”

“Nilikuwa nimekubali.”

“Ungemwingiza kwanza chini ya kitanda,” alisema polepole, “halafu ndipo uombe. Kama Mungu angekataa, si angekwambia umtoe?”

Nilimbebea cherehani mpaka kwenye mkokoteni, akaenda zake.

Nimestaafu sasa. Bado namwuliza Mungu kabla ya kuamua jambo, na sitaacha, maana najua mwenyewe nilivyo mwoga nikiwa peke yangu. Wenzangu kanisani huniuliza kama kweli siku ile alinijibu. Nawaambia alinijibu, tena upesi kuliko nilivyostahili. Alisema ndiyo. Nililipokea jibu hilo nikiwa nimejifungia chumbani, na Daudi hakulisikia.