Bibiche wa Rubaya na kikombe cha maziwa

Saa moja asubuhi, Rubaya, mji wa machimbo huko Masisi, ukungu bado umelala vilimani. Bibiche, mkandaji mwenye umri wa miaka 41, anayeyusha siagi viganjani na kuukanda mgongo wa Nzabandora, mchukuzi wa mizigo ya madini ya koltani. Mwanamume huyo amelala kifudifudi, lakini jicho lake halibanduki mlangoni.

"Papa, usiku unalala muzuri?" anauliza Bibiche.

"Unataka kujua juu ya nini?" Nzabandora anauliza kwa mashaka.

Wachukuzi humjia na maumivu ya miaka mingi, wakitaka kidonge basi. Yeye huwakanda, huwafundisha kunyoosha viungo na kubeba mzigo kwa zamu, kisha huuliza habari za usingizi, za nyumbani, za mawazo. Hapa Rubaya, mtu wa maswali mengi huogopwa, na si bure. Nani ajuaye maneno yataishia kwa nani?

Hata hivyo, kilichokaribia kukifunga chumba chake cha kukandia si maswali. Ni maziwa ya moto anayompa kila mgonjwa ili apumzike kabla ya kurudi njiani.

Katika milima ya Masisi, anayekukaribisha hunywa kwanza mbele yako, uone kwamba hakuna sumu. Bibiche ni wa Mubi, msituni Walikale, ambako ng'ombe ni wa kutafuta kwa tochi. Alikuwa akitoa kikombe kimejaa pomoni, bila kukionja, akidhani ndiyo heshima.

Uvumi wa sumu ukazagaa, chumba kikawa kitupu. "Nililia," anasema. "Nilizania wananichukia juu natoka mbali. Kumbe walingojea nionje tu."

Aliyemfumbua macho ni Mama Mutesi, muuza maziwa jirani yake. Tangu hapo Bibiche huonja, na wagonjwa wamerudi. "Maziwa inanisumbua tumbo," anakiri, "lakini nitafanya nini?"

Sasa anataka wachukuzi wawe wanakaa pamoja siku moja kila juma, waongee wanayoyabeba moyoni. Hakuna aliyekubali. Kila mmoja anamshuku mwenzake.

Nzabandora anainuka taratibu, anatoa chupa mfukoni mwa koti. "Hii maziwa iko ya ng'ombe yetu ya kwetu Burungu." Anamimina kikombeni, anakunywa kidogo, anamnyooshea Bibiche.

Bibiche anakitazama kikombe, kisha anamtazama yeye. Leo ni zamu yake kuogopa.

"Kunywa, Mama. Nimeshaonja."

Anakunywa. Nzabandora anafunga vifungo vya shati polepole.

"Uliuliza kama ninalala," anasema. "Silali. Na wenzangu hawalali. Juma lenye kuja nitakuja nabo. Lakini wewe ndio utaonja wa kwanza."