Chakula cha Jioni cha Mheshimiwa

Mke wangu alipobadilishiwa zamu kule mgahawani Msasani, akawa anarudi nyumbani saa tatu usiku, na chakula cha jioni kikaniangukia mie. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Mikocheni. Natoka saa tisa, nampitia binti yetu kwa mama anayelea watoto, saa kumi na moja tuko Goba, mlimani, mie na yeye na jiko la gesi la pleti mbili. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Nilimwita Mheshimiwa, maana ukimuuliza swali hajibu, na akikataa jambo limepita.

Ishu yenyewe ni kwamba Mheshimiwa alikuwa hataki kula. Sisemi alikuwa anachagua. Anayechagua si kuna anachokichagua? Huyu alikuwa anafunga mdomo, anageuza shingo taratibu, na ukimfuata na kijiko upande wa pili anageuza tena. Kliniki, nesi alitandaza kadi yake mezani akatuonyesha mstari wa uzito. Miezi mitatu mstari umelala. Hakutugombeza. Alisema tumpe chakula cha familia, mchanganyiko, jioni ashibe kabla ya kulala, turudi baada ya mwezi.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia mama yangu kwenye simu. Mama yuko Njombe, na kwetu mtoto asiponenepa mjini anapelekwa kwa bibi. Anarudishwa umri wa kuanza shule, mashavu yamejaa, na mama aliyemzaa anamwamkia kama mgeni. Binamu zangu wawili walilelewa hivyo. Mama akasema atakuja mwisho wa mwezi kumchukua. Hakuomba, alitoa taarifa, na kwetu hakuna anayembishia. Mke wangu aliposikia alikaa kitandani akalia. Nikaapa mbele yake kwamba mwezi hautaisha kabla mtoto huyu hajala.

Basi nikapika. Jamani, nilipika! Jumapili nachemsha maharage ya wiki nzima, nayagawa kwenye makopo ya aiskrimu, nagandisha, mpaka siku moja mke wangu akafungua friji kwa matumaini makubwa akakutana na maharage. Nikajua kwamba dagaa ukiwatoa vichwa wanaiva dakika kumi na nyanya na karoti. Viazi lishe nachemsha, naponda na parachichi. Mchicha nikauficha ndani ya chapati. Mheshimiwa akaifunua chapati, akautoa mchicha jani moja moja, akanirudishia mkononi. Yai nikalikorogea kwenye uji. Alilinusa tu akaondoka zake.

Akina mama wa mtaani wakanishauri unga wa lishe. Sasa sie watu wa Dar kwenye unga wa lishe hatuna breki. Wa kwanza anakwambia ulezi na mchele, wa pili anasema bila soya hapo hujafanya kitu, wa tatu anaongeza karanga, wa nne dagaa, wa tano mbegu za maboga. Nikafika mashineni na mfuko wenye vitu kumi na kimoja. Msagaji akachungulia ndani akaniuliza nafuga nini. Nafuga nini! Nilitaka kumpokonya mfuko wangu niondoke, ila alikuwa ameshaumimina. Uji wake ulitoka na rangi ya saruji. Mheshimiwa aliuonja kwa ncha ya ulimi, akaniangalia kwa huruma, akanisogezea kikombe. Niliunywa mie wiki mbili, sikutaka uharibike, na nikanenepa mie.

Nikajaribu na muziki. Niligundua singeli ikipigwa anacheka, na akicheka mdomo unafunguka, unaweza kupenyeza kijiko kimoja kabla hajashtuka. Jirani akaniona dirishani, kanga ya mke wangu kiunoni, mwiko mkononi, nakata mauno. Kesho yake habari iko dukani: yule baba kalishwa limbwata. Mwanaume akionekana jikoni kila siku, basi mkewe kamtilia dawa kwenye chakula. Nikawauliza, atanitilia saa ngapi na mpishi ni mie? Walicheka tu.

Mwisho wa mwezi mama akaja kweli. Alishuka na ndoo ya viazi na begi tupu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa begi ni la nguo za nani. Tukaamkiana, akanywa chai, akaniangalia nilivyofunga ile kanga, akaguna. Akasema atakaa siku tatu. Asipoona kwa macho yake mtoto anakula, Jumapili anaondoka naye.

Siku ya kwanza nililisha mie, na matokeo mnayajua. Siku ya pili mama akanipokonya kijiko, akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa, akampikia viazi vya Njombe kwa maziwa. Mheshimiwa akamfungia mdomo na yeye. Mama alibembeleza, akaimba, akatisha, akabembeleza tena, saa nzima, na viazi vikapoa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Halafu nikakumbuka furaha hiyo inatupeleka wapi, nikaogopa.

Jumamosi tulipokea mzigo kiwandani, sikupata hata chai. Nilifika nyumbani na njaa ya kutwa nzima. Nikasonga ugali laini, nikaunga dagaa kwa nyanya, nikapika mchicha wa karanga, yote ndani ya nusu saa. Kisha nikamwandalia Mheshimiwa kibakuli chake, kijiko chake, na simu yenye katuni. Mama akavichukua vyote vitatu akaviweka juu ya kabati. Akaniuliza mie huwa nakula saa ngapi. Nikamwambia namlisha mtoto kwanza, analala, halafu namsubiri mwenzangu tule wote. Akauliza kama mtoto huyu ameshawahi kuniona nakula jioni. Nikakiri kwamba hajawahi.

"Kaa chini ule," akasema. "Na usimwangalie."

Nikakaa kwenye mkeka, bakuli mbele yangu, nikala. Njaa haina adabu, nilikuwa natupia matonge bila kuhesabu. Nikasikia pumzi karibu na sikio. Mheshimiwa alikuwa amesimama pembeni yangu, ameegemea bega, anakitazama kidevu changu kinavyopanda na kushuka. Nikataka kugeuka, mama akanifinya paja. Mara mkono mdogo ukaingia bakulini, ukatoka na dagaa. Akatafuna. Akarudi akachukua wawili. Kisha akachota mchicha. Mchicha! Kwa vidole vyake mwenyewe, tena akavilamba. Nilitaka kupiga vigelegele, mama akanikazia jicho. Nikabaki natafuna tonge moja muda mrefu ili chakula kisiishe, na dagaa wakubwa nikawa nawasukumia upande wake. Nilikuwa karibu kulia, mtu mzima na ugali mdomoni.

Mama aliangalia mpaka akaridhika. Akasema kesho ataondoka peke yake, na mke wangu aambiwe hilo kabla hajavua viatu. Kumbe na yeye alikuwa amemwona mke wangu akijifuta machozi.

Hapo ndipo nikamkumbuka marehemu mzee wangu, baba yangu mzazi. Jioni alikuwa analetewa chakula chake sebuleni, anakula peke yake, nasi watoto wanne tumejipanga mlangoni tunasubiri. Hakuna siku aliyomaliza. Kila mara alibakiza kitonge, mchuzi kidogo na kipande cha nyama, anasogeza bakuli, anasema ameshiba, nasi tunaruka tunagombania. Nilikuwaga nakula vizuri pale kuliko kwenye sahani yangu. Nikamsimulia mama huku nacheka, nikasema mzee alikuwa na tumbo dogo sana kwa mtu aliyekuwa akilima vile.

Mama hakucheka. Alikuwa anampangusa Mheshimiwa mchicha kwenye shavu.

"Baba yako hakuwahi kushiba," akasema, "mpaka siku mlipoondoka wote nyumbani."

Mheshimiwa alikuwa amemaliza dagaa wa upande wake, sasa anaangalia waliobaki upande wangu, na tonge nililoshika mkononi. Nikampa tonge. Nikamsogezea bakuli zima, nikamwambia ale tu, baba ameshiba. Tumbo langu likanguruma palepale, na mama akajifanya hajasikia.