Ukweli Ulioloweshwa na Mvua

Ndugu na marafiki, leo hapa Rusimbi nimeshuhudia ukweli ukigeuka kuwa maoni.

Asubuhi, Shangazi alisita kuanika dagaa wake. Wingu lilikuwa zito juu ya ziwa, na dagaa hao ndio mtaji wake wote.

Akapita jirani yetu, Baba Amisi, ambaye sijapata kumsikia akianza sentensi bila "ukweli ni kwamba".

"Mama Zena, ukweli ni kwamba leo hainyeshi. Anika, dada yangu!"

Shangazi akaanika, tukaenda msibani Simbo.

Mvua ikanyesha. (Naomba msicheke bado.)

Tuliporudi, dagaa walikuwa wamelowa chapachapa na wameanza kunuka. Baba Amisi, bila hata kupepesa macho, akajitetea:

"Mimi nilitoa maoni yangu tu."

Kabla ya mvua ulikuwa ukweli. Baada ya mvua, maoni!

Shangazi hakubishana. Aliwaunga dagaa wachache kwa mawese, akamwekea Baba Amisi mbele pamoja na ugali wa muhogo.

"Kwamba wamelowa, kaka yangu, huo ni ukweli. Kama bado ni watamu au la, kula, kisha utupe maoni yako."

Alimeza tonge moja, akaomba maji.

Maoni yake bado tunayasubiri. Yenu yaleteni hapa chini.